Mkono Usio Kwenye Ramani

Marrabul, 14 Aprili 2009

Mwanangu Coralie,

Upo? Sisi tupo. Goti langu la kushoto nalo lipo, ndilo lililonitangazia kwamba mvua zimekwisha kabla hata redio haijasema. Mbwa mwekundu amezaa sita chini ya kitanda changu, na hataki mtu asogee, hata mimi niliyemlea. Simu ya dukani imekufa tangu Februari. Mimi sisikitiki, maana ukiongea pale na mtu wa Darwin, foleni yote ya mkate inakujibia. Barua haina masikio, na ndege ya posta inakuja kila Jumanne.

Hilda alinishika kliniki wiki iliyopita kuniambia mwanawe amechukuliwa na timu ya mpira kule Katherine. Alisema mara tatu, nesi akiwa anasikia. Nikamwambia, "Hongera, Hilda. Mwanao anakimbiza mpira. Wangu anakimbiza moto wa kaskazini nzima." Akapimwa presha, ikawa juu. Mimi yangu ilikuwa nzuri sana siku hiyo.

Sasa nikupe neno lenyewe. Mvua za kulaza nyasi zimepita. Nyasi mikuki zote zimelala chini, zimeanza kukauka kwa juu, na kwenye mashina bado mbichi. Wewe unajua maana yake, usomi wako wote ni huo. Ndio wakati wa kuchoma kuzunguka Jiwe la Mkono, moto mdogo, wa kutembea nao. Kwa miaka minne hapajachomwa pale. Tukingoja mpaka Agosti, moto utakuja wenyewe na upepo, utapanda mwamba, na jiwe litabanduka kama ganda la yai. Na pale ndipo ilipo alama ya mkono wa baba yangu, babu yako, aliouegemeza juu ya jiwe akaupulizia udongo mwekundu kwa mdomo nikiwa nimesimama pembeni, mdogo wa kumshika goti. Kitu kingine chake sina. Picha hakupigwa.

Mimi siwezi kuwasha. Ile ni nchi ya baba yangu, mimi ni mwenyewe, mwenye nchi, na mwenyewe hawashi bila neno la mwangalizi, na mwangalizi ni mtoto wa binti wa nchi. Ndiwe wewe. Lazima usimame pale, useme kwa mdomo wako wazee waliotangulia wakusikie. Basi njoo na ndege ya Jumanne, Jumanne yoyote, nipe tarehe tu niwatangazie watu.

Mama yako,
Edna


Darwin, 6 Mei 2009

Shikamoo mama,

Pole na goti. Barua yako ilinikuta nimesafiri, ndiyo maana nimechelewa. Mimi mzima. Nyumba niliyopangiwa na ofisi ina mashine ya ubaridi ambayo haizimiki, kwa hiyo nalala na blanketi huku watu wa nje wanatoka jasho. Nimekutumia picha nikiwa nimevaa sare. Ile nembo begani ni ya moto, si ua, usije ukamwambia mtu ni ua.

Kazi ni nyingi. Wiki iliyopita walikuja wageni wa serikali kuu kutoka Canberra, ikabidi niwaeleze jinsi watu wetu wanavyochoma. Nilionyesha picha za nyasi ukutani kwa saa mbili na nusu. Nikawaambia moto mzuri ni ule unaotembea nao kama unavyotembea na bibi kizee, huutangulii wala huuachi nyuma. Walipiga makofi na kuyaandika. Maneno ni yako, mama. Nilitaka kuandika jina lako chini yake lakini halikutosha ukutani.

Kuhusu kuja, Mei haiwezekani. Juni nitaona. Kuna mafunzo, halafu kuna ripoti ya mafunzo. Kwani yule kaka, mtoto wa mama mdogo, hayupo? Yeye naye ni mtoto wa binti wa nchi ile, neno lake ni sawa na langu. Angeweza kusimama pale wiki hii hii.

Jambo moja. Bwana Trevor, mkuu wa askari wa mazingira wa kanda yetu, akipita huko na ramani zake, mpe chai tu. Usizungumze naye mambo mengi.

Mwanao,
Coralie


Marrabul, 19 Mei 2009

Mwanangu,

Picha imefika. Imepita duka, kliniki, shule na kanisa, na sasa ipo ukutani juu ya redio, imekunjika kona moja kwa sababu Hilda aliishika kwa vidole vya mafuta ya samaki. Aliuliza, "Hilo ua begani ni ua gani?" Nikamwambia ni moto, na kwamba kaskazini yote wenye nembo ile ni wawili. Sijui kama ni wawili, lakini watatu wangekuwa wengi.

Watoto wa mbwa wamefumbua macho. Tulipata kenge mnono, nilikuwekea mkia kwa siku tatu, nikiwaza labda Jumanne hii. Nimeula.

Umeniandikia nimtumie Lyle. Coralie, huyo namjua, alilala mgongoni mwangu tangu mama yake alipotutoka, mdogo wangu tusiyemtaja kwa kuwa marehemu hatajwi jina. Nimemlea na wewe bakuli moja. Na ninakuambia kwamba mtu anayeamka saa sita mchana, akacheza karata mpaka jua linazama, aliyeliingiza gari la jumuiya mtoni halafu akasema mto ndio uliosogea, huyo hawezi kuwaambia wazee kitu wakamsikiliza. Miaka minne kila akishika kiberiti nimemwambia, "Weka chini, mwenye neno yuko Darwin." Leo nikamwambie nini? Nimewatangazia watu wote kwamba unakuja wewe.

Trevor amekuja. Nilimpa chai kama ulivyosema, akanywa mbili. Akatandaza ramani juu ya meza, akaweka sukari kwenye kona ili isijikunje. Marrabul haipo pale. Sisi tumekuwa namba kumi na nne. Akaniambia helikopta itapita namba kumi na nne tarehe kumi na nane Agosti na kuangusha vile vimipira vya moto, mstari mmoja juu ya mwamba wote.

Nikasema, "Agosti nyasi ni baruti."

Akasema, "Ni ratiba, mama. Helikopta ni moja, kanda ni kubwa."

"Na nani ametoa neno?"

Akacheka kwa upole, si mtu mbaya. "Karatasi ipo. Mwangalizi amekwisha tia sahihi tangu Februari."

Nikamwambia mwangalizi wa nchi hii ni mwanangu, na mwanangu hawezi kutoa neno akiwa amekaa kwenye kiti. Akanitazama, akaitazama picha juu ya redio, akakunja ramani. Sukari yote ikamwagika.

Jiwe halipo kwenye ramani yake. Ni vizuri halipo, wazee wetu wa hapa walikataa liandikwe ili watalii wasije kuligusagusa. Lakini kisichoandikwa kinaangushiwa moto.

Nina hakika Trevor amechanganya karatasi. Wazungu wanachanganya sana karatasi. Niandikie kwamba amechanganya, niwaonyeshe watu.

Mama yako


Darwin, 17 Juni 2009

Shikamoo mama,

Natumaini goti limetulia na watoto wa mbwa wamepata wenyewe. Huku kuna baridi kidogo asubuhi, watu wa Darwin wamevaa masweta kama wako kwenye barafu.

Nimeanza barua hii mara nne. Trevor hakuchanganya.

Februari waliniletea karatasi nikiwa nimemaliza wiki mbili tu kwenye kazi. Walisema, "Coralie, wewe ndiwe mwangalizi wa eneo hili, tunafurahi sana, kwa mara ya kwanza mwangalizi mwenyewe yuko ofisini." Wakanipiga picha nimeshika kalamu. Tarehe ya kuchoma haikuwepo bado, mahali pake palikuwa na mistari mitupu. Niliona aibu kuuliza. Nilidhani wanaojua wataweka Mei. Tarehe ilikuja baadaye, na sahihi yangu ilikuwa tayari chini yake.

Nimekwenda mara mbili kuomba ibadilishwe. Mara ya kwanza waliniambia helikopta ina ratiba. Mara ya pili waliniuliza, "Kuna kitu gani pale cha pekee? Tuonyeshe kwenye ramani, tutakizungushia duara, helikopta itapaepuka." Mama, nilikuwa nimeshika penseli. Nikakumbuka wazee walivyosema lisiandikwe. Nikasema hakuna kitu. Wakashukuru, wakaendelea.

Kwa hiyo nikilionyesha jiwe, nimevunja neno la wazee. Nisipolionyesha, litachomwa kwa sahihi yangu mimi. Wiki ijayo nina somo la kufundisha, kichwa chake ni "Kusikiliza Wenye Nchi."

Usinijibu kwa ukali. Au nijibu kwa ukali. Siwezi kuja, sina uso wa kusimama pale na kuwaambia wazee kitu.

Tafadhali mwombe kaka.

Coralie


Marrabul, 30 Juni 2009

Mwanangu Coralie,

Watoto wa mbwa wamegawanywa, mmoja amekwenda kwa Hilda, yule mwenye makelele kuliko wote, nilimchagulia mwenyewe. Goti ni baya kwa sababu nimetembea siku mbili. Nitakueleza.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka ndani ya Biblia, kwenye kile kitabu cha orodha za majina ambacho hakuna mtu anakifungua. Sikumwambia mtu. Nikavaa viatu nikaenda barazani kwa Lyle. Ilikuwa saa tano, alikuwa macho, hilo nasema kweli. Alikuwa anacheza karata na watu watatu, na mmoja wao, Mungu anapenda mzaha, alikuwa Hilda.

"Lyle," nikasema, "nyasi za babu yako zinangoja."

Hakuinua macho. "Zinamngoja mkubwa wa moto, mama. Wewe mwenyewe umetutangazia. Dukani, kliniki, kanisani. Hata mbwa wanajua."

"Amezidiwa na kazi. Anafundisha Canberra nzima."

"Basi na Canberra ije ichome."

Watu wakacheka. Hilda akacheka akakohoa. Nikasema, "Lyle, nakuomba wewe."

"Unaniombaje? Miaka minne ukinikuta na kiberiti unaninyang'anya kama mtoto. Omba vizuri, mama."

Coralie, nikaomba vizuri. Mbele ya Hilda. Sitakuandikia nilivyosema, karatasi hii inaweza kuzunguka. Hilda aliweka karata zake chini ili asikie vizuri. Lyle akamaliza mchezo kwanza, akashinda, akasema, "Kesho asubuhi umande ukikauka. Leta chai."

Tulitembea watu sita. Sasa nitakueleza kitu, na sitaki ukifanye kikubwa. Tulipofika Jiwe la Mkono, chini ya mwamba hapakuwa na unyasi hata mmoja. Hatua kumi kuzunguka, ardhi tupu, imepigwa reki. Si ya mwaka huu tu. Kulikuwa na marundo ya zamani yaliyooza pembeni, rundo juu ya rundo. Nikamwuliza nani amefanya hivi.

"Mimi," akasema. "Ulisema nisiwashe. Hukusema nisifyeke."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Lakini kufyeka si kuchoma, mama. Moto wa Agosti ungeruka hatua kumi kama mimi ninavyoruka dimbwi. Ningefyeka na mgongo ungekatika na jiwe lingebanduka tu."

Sisemi ni mchapakazi. Gari bado liko mtoni. Nasema tu hapakuwa na nyasi.

Akasimama mbele ya jiwe, akavua kofia, akawaambia wazee yeye ni nani na mama yake ni nani bila kutaja jina, kama inavyopasa, na kwamba tumekuja kusafisha nyumba yao. Sauti yake ilikuwa ya baba yangu kabisa. Sikujua. Nyumbani huwa anaongea na mdomo umejaa. Kisha akaniambia, "Haya, mwenyewe, washa." Nikawasha mimi, kwa mkono wangu huu.

Moto ulitembea polepole, wa kufika magotini. Mwewe walikuja kuwala panzi, na kangaruu wakatoka mmoja mmoja bila haraka, kama watu wanaotoka kanisani. Ulipofika kwenye ardhi ile tupu ukajilaza wenyewe. Siku ya pili tulimaliza upande wa kijito. Mkono upo. Niliulinganisha na wangu, bila kugusa. Wangu sasa umekuwa mkubwa kuliko wake, au yeye alikuwa mdogo kuliko nilivyokumbuka.

Watu nimewaambia kwamba wewe ndiye uliyetuma agizo kutoka Darwin, na Lyle ametekeleza. Hakubisha. Alisema, "Sawa mama, mimi ni askari tu," akaenda kulala.

Mama yako,
Edna


Darwin, 2 Septemba 2009

Shikamoo mama,

Umelalaje, na goti je? Mimi sijambo, isipokuwa usingizi.

Helikopta ilipita Marrabul tarehe kumi na nane kama ilivyopangwa. Rubani amerudi na vimipira vyote. Aliandika kwamba namba kumi na nne ilikuwa imekwisha kuchomwa vizuri, ina majani mabichi na kangaruu. Upande wa mashariki ya kijito, moto wa porini ulipanda na upepo wiki iliyofuata, ukafika kwenye majivu yenu ukafa. Namba kumi na tano yote imeungua mpaka mizizi.

Ripoti imetoka. Inasema namba kumi na nne ni mafanikio makubwa ya Mpango wa Moto wa Kanda, na mwangalizi ni mimi. Kuna picha, ile ya kalamu. Nikawaambia si kazi yangu, ni ya kaka yangu na mama yangu, kwa miguu, Juni. Wakasema huo ndio unyenyekevu mzuri wa watu wetu, wakauongeza kwenye ripoti. Jumatatu walinipa cheti chenye fremu. Nilisimama nikashukuru.

Nimeikata kwa kalamu sahihi yangu kwenye karatasi ya mwaka ujao. Nimeandika pembeni, "Neno hutolewa mahali penyewe." Walikasirika kidogo, sasa wanaandaa fomu kwa ajili hiyo.

Mama, nataka kuja. Si kutoa neno, kuja tu. Miaka minne sijakanyaga pale. Niambie kama kaka atakubali.

Coralie


Marrabul, 10 Septemba 2009

Mwanangu Coralie,

Sote wazima. Mbwa wa Hilda analia mchana kutwa, Mungu ambariki.

Lyle nimemwuliza. Alikuwa na mkate mdomoni, akameza kwanza. Akasema uje. Atakuwa uwanja wa ndege na gari. Ndiyo, limetolewa mtoni, kuna samaki mmoja tu ndani yake. Atakupa mgongo na hatasema nawe, kama mila yetu inavyompasa kaka kwa dada, kwa hiyo usijisikie vibaya. Kwenda Jiwe la Mkono atatangulia yeye na sisi tutafuata. Umekaa mbali mno, nchi haijui tena harufu yako. Mimi nitakumwagia maji ya kijito kichwani kama tunavyowafanyia wageni, na yeye akiwa amegeukia mwamba atawaambia wazee wewe ni nani. Nilimwuliza atasema nini hasa.

Akasema, "Nitawaambia kuna mgeni amekuja. Ni wetu. Wasimdhuru."

Nikaona ametosheleza, sikuongeza kitu.

Cheti kilete, kuna nafasi upande wa pili wa redio. Nimemwambia Hilda unakuja kukagua. Ukifika, kagua kidogo hapo dukani, hata dakika tano, uangalieangalie paa na kuandika.

Sare usivae kwenda kwa babu yako, kule watu wanajulikana kwa jasho. Lakini ziweke kwenye mkoba. Hilda hajaziona kwa macho.

Mama yako,
Edna